Simu ya Mtu Anayeongea kwa Mikono

Niliingia dukani kwa Ayuen nikiwa na masharti matatu na tumbo la miezi mitano. Sharti la kwanza, simu isinimalizie pesa yote ya sare za shule nilizoshona tangu Januari. La pili, kamera ya mbele iwe inaona kweli. La tatu sikulitaja, kwa sababu mume wangu alikuwa amesimama kando yangu, ingawa yeye hata ningepiga kelele asingesikia.

Lokiru hasikii. Homa ya uti wa mgongo ilimchukulia masikio akiwa na miaka minne, na tangu hapo anaongea kwa mikono, na anaongea sana. Mimi naitwa Apua, fundi cherehani wa Kanamkemer, Lodwar, na nilijifunza lugha ya ishara kwa sababu moja tu: nilichoka kuona ananitania na mimi sielewi. Watu walisema nitapata nyumba ya kimya. Waje wasikie anavyogonga meza nikichelewesha chai!

Tangu Machi alikuwa Kakuma, kwenye karakana inayotengeneza madawati ya shule za kambi ya wakimbizi. Mimi nilibaki Lodwar na cherehani yangu na kabambe, ile simu ya vitufe. Alikuwa akiniandikia meseji: "Kula wewe? Mtoto sawa?" Basi. Mtu anayeongea kwa vidole, kwa uso, kwa mabega, ukimpa meseji ya maneno manne umemkata ulimi. Ndipo akanunua simu janja ya mtumba, akaniambia nipande gari niende Kakuma tutafute na ya kwangu, tuwe tunaonana kila jioni.

"Mama, karibu. Hii iko mzuri sana," Ayuen alisema. Ni kijana mrefu wa Sudan Kusini, amekulia kambini, na anajua simu kuliko mimi ninavyojua pindo. "Imetoka Nairobi jana."

"Jana ya mwaka gani? Kona zake zimechubuka."

Akacheka. "Kalas, basi mama. Hiyo tunaweka kando."

Lokiru ana namna yake ya kuchagua simu, na sijaiona kwa mtu mwingine. Hakuuliza memori wala jina la kampuni. Alichukua simu yake, akavuka barabara, akasimama chini ya paa la kinyozi, akanipigia kwa video kwenye kila simu Ayuen aliyoiweka mezani. Kisha akaongea. Simu ya kwanza ilivifanya vidole vyake kuwa moshi mtupu. Akatikisa kichwa. Ya pili ilikwamakwama, mkono ukianza sentensi hapa, unaimalizia kule. Ya tatu nilimwona vizuri juani, lakini alipoingia kivulini kwa kinyozi akapotea, na Kakuma ikifika saa moja jioni kila mtu yuko kivulini.

Ya nne ilikuwa ya bluu, haina makuu. Niliona kidole chake kidogo kikikunjwa. Niliona hata nyusi, na kwa Lokiru nyusi ni nusu ya maneno.

"Pua yako imevimba," alisema kwa mikono kutoka ng'ambo ya barabara.

"Muulize mwanao," nikamjibu.

Watu waliokuwa dukani walitukodolea macho, mtu na mkewe wanapigiana simu na barabara ni hatua kumi. Acha watukodolee, niliwaza. Sijawahi kununua kitu nikiwa na uhakika namna ile.

Lakini sharti la tatu lilikuwa bado. Nikaifunika kamera kwa kiganja, nikamsogelea Ayuen. "Niambie ukweli, ndugu. Hii inatoa mionzi kiasi gani?"

Hakushangaa hata kidogo. "Mama wenye mimba wanauliza. Wazee wanauliza ya kichwa." Akabonyeza nyota, reli, sifuri, saba, reli, na namba zikatokea kwenye kioo. "Ona. Karibu na kichwa, sifuri nukta nane. Karibu na mwili, moja nukta moja. Hapo ni simu ikitoa nguvu yake yote. Siku nyingi iko chini ya hapo."

"Na mwisho ni ngapi?"

"Kuna nchi inasema isipite moja nukta sita. Ingine inasema mbili."

Nikamwambia abonyeze na ile ya bei kali iliyokuwa kwenye kabati la kioo. Namba yake ilikuwa juu kuliko ya bluu. Ala! Kumbe bei ni kitu kingine na mionzi ni kitu kingine. Nikamlipa Ayuen baada ya kumshusha bei hadi akaanza kujiombea kwa Kidinka, nikamkumbatia mume wangu kituoni, nikarudi Lodwar nikijiona mshindi.

Siku sita tulikuwa watu wenye raha. Saa moja jioni Lokiru aliiegemeza simu yake kwenye rundo la mbao, mimi ya kwangu kwenye cherehani, tukaongea hadi mikono ikachoka. Alinionyesha madawati. Nilimwonyesha kola niliyokosea. Na kila siku, kabla hatujaagana, aliuliza: "Anacheza?" Nami nikamjibu: "Anacheza." Hapo uso wake ulikuwa unabadilika.

Lazima nieleze hilo. Huyu si mtoto wetu wa kwanza. Mwaka juzi nilikuwa na mimba ya miezi sita, Lokiru yuko Kitale kwa kazi ya ujenzi, nikaugua, mtoto akatoka akiwa amekufa. Aliporudi alikuta tumeshazika. Aliniambia maneno machache tu, yeye anayeongea sana: "Mtoto wangu, sikumwona akiwa hai hata siku moja." Hakunilaumu. Lakini nilijua anachokitaka mara hii, na nilitaka ampate.

Siku ya saba Mama Emuria, jirani yangu anayeuza samaki wakavu mbele ya baraza ninaposhonea, alinitazama nikiagana na Lokiru. Akaguna.

"Apua, hicho kitu unakikaribisha tumboni?"

"Kiko mezani, Mama Emuria."

"Mezani, tumboni, mionzi inajua mpaka? Kuna dada alituambia kanisani, mionzi ya simu inapika mtoto polepole. Na wewe..." Akamalizia kwa sauti ya huruma, ambayo ilikuwa mbaya kuliko ukali. "Na wewe mwaka juzi si ulikuwa unaichomeka kiunoni kutwa nzima?"

Mimi ni mtu wa kujibu. Mwulize yeyote Kanamkemer. Siku ile niliinamia cherehani. Kwa sababu ni kweli: ile mimba yangu ya kwanza, kabambe ilikuwa inakaa ndani ya kanga, upande wa kushoto, asubuhi hadi jioni, ili wateja wakipiga nisikie mtetemo huku miguu yangu ikikanyaga cherehani. Nilikuwa nimeliwaza jambo hilo peke yangu mara mia. Kulisikia kwa mdomo wa mtu mwingine ni jambo jingine. Nimemuua mtoto wangu mwenyewe, nikajiambia. Sasa nataka kumuua na huyu.

Ningefanya nini? Ningemwambia Lokiru kwamba naogopa simu, ningelazimika kumwambia kwa nini. Sikuweza. Basi nikatumia akili yangu, ambayo naisifu kila siku. Nina sanduku la nyuzi na zipu, la bati, lile linaloundwa kwa makopo ya mafuta ya msaada yaliyokunjuliwa. Huku karibu kila nyumba inalo. Nikawaza: mionzi ni kama mwanga, mwanga haupiti bati, kwa hiyo mionzi itabaki humo humo. Nikaitia simu sandukuni ikiwa imewashwa, nikafunga kifuniko, nikakiwekea pasi juu. Jioni nitaitoa dakika chache, tunaongea, inarudi ndani. Niliona nimewazidi akili wazungu wote waliounda simu. Haki ya Mungu, nilijipongeza.

Siku ya kwanza, saa moja jioni nilipofungua, simu ilikuwa ya moto na betri imeisha. Nikaichaji, nikachelewa, Lokiru alikuwa amekasirika. Siku ya pili ilikuwa ya moto zaidi. Niliigusa nikaruka. Nikasema, hii sasa ndiyo mionzi yenyewe, imejaa humu sandukuni kama mvuke kwenye sufuria, nikifungua itanimwagikia. Nikaufunga mfuniko. Laini yangu ilikuwa ndani ya simu, kabambe nilishampa shangazi. Nikasema nitamtumia Lokiru ujumbe kwa mtu wa gari. Kesho. Kesho ikaja, nikasema kesho. Siku nne zikapita, nikishona bila kuinua macho, na kila saa moja jioni nililigeuzia sanduku mgongo.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, mlango ulisukumwa hadi ukagonga ukuta. Lokiru alisimama hapo na vumbi la barabara hadi kwenye kope. Hakunisalimia. Alinitazama tumboni kwanza. Akaja akapiga magoti, akaweka viganja vyote viwili juu ya gauni langu, akasubiri. Lakini mtoto, kama kusudi, alikuwa amelala.

"Yuko?" aliuliza.

"Yuko. Yuko salama. Amelala."

Akaketi chini sakafuni, akaufunika uso. Baadaye alinieleza. Siku ya pili bila mimi hakulala. Siku ya tatu alikwenda kwa Ayuen, Ayuen akanipigia kwa sauti mara ishirini, akamwandikia kwenye karatasi: haipatikani. Alijua limetokea lile lile la mwaka juzi, kwamba tunazika bila yeye. Alimwomba msimamizi siku mbili, akapanda lori la makaa.

Kisha akainuka, akauliza: "Simu iko wapi? Imeibwa?"

Uongo ulikuwa tayari mikononi mwangu. Kuibwa, kuvunjika, vyote vinaeleweka. Nikamwonyesha sanduku.

Aliondoa pasi, akafungua, akaiona ile ya bluu imelala kati ya zipu na mikebe ya vifungo, imekufa. Aliponigeukia alikuwa amepandwa na hasira ambayo sijaiona kwake, na mikono yake ilikata hewa.

"Siku nne. Umenifungia mimi humu ndani."

"Si wewe..."

"Ni mimi! Sauti yangu ni hii! Mtu mwingine ukimzimia simu atapiga kwa jirani, atapiga kwa shangazi, ataita kwa sauti. Mimi nina wapi pengine?"

Nililia. Sitaki kuficha, nililia hadi kamasi. Na nikamwambia. Kabambe kiunoni, upande wa kushoto. Maneno ya Mama Emuria. Kwamba nilimuua mtoto wake wa kwanza kwa uzembe wa kutaka wateja. Mikono yangu ilikuwa inasema kwa mara ya kwanza kitu nilichokificha miaka miwili, na kila nilipojaribu kukifupisha aliniambia: rudia, taratibu.

Nilipomaliza hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Alichukua vitabu vyangu vya kliniki kutoka juu ya kabati, kile cha sasa na kile cha zamani, akanishika mkono. "Twende kwa mtu aliyesoma."

Nesi Ochola ni mtu wa kando ya ziwa lile kubwa la magharibi, si hili letu, yuko Lodwar miaka kumi na moja, na sisi tunamwita daktari naye hakatai. Alinisalimia "Ejok" kwa lafudhi yake ya kuchekesha, akaanza kunipima, akasikiliza tumbo, akasema mapigo ni mazuri sana. Nikamweleza yote. Nilipofika kwenye sanduku alishika paji la uso.

"Mama Apua, wewe ulikuwa unaichochea! Simu lazima iongee na mnara. Ukiifungia kwenye bati haiusikii vizuri, kwa hiyo inapiga kelele kwa nguvu zake zote, kama mtu anayeita ng'ambo ya Turkwel mto ukiwa umejaa. Betri inaisha, simu inapata moto. Na bati lenyewe, kwa jua letu hili? Ungeweza kukaangia samaki wa Mama Emuria."

Nikamtafsiria Lokiru. Kwa mara ya kwanza tangu aingie mlangoni, mdomo wake ulicheza. "Fundi mjanja kuliko wazungu," alisema.

"Sasa nisikilize," Ochola aliendelea. "Mionzi ya simu si kama ya eksirei. Ni dhaifu mno, haivunji kitu ndani ya mwili. Watu wameichunguza miaka mingi na hawajapata ushahidi kwamba inaua mtoto tumboni. Bado wanachunguza, na mimi sitakuapia kwa kitu ambacho bado kinachunguzwa. Ukitaka amani ya moyo, usilale nayo, usiichomeke kiunoni, ongea ikiwa mbali na wewe. Ukiisogeza hatua mbili tu, kinachokufikia ni kidogo sana. Na nyinyi wawili, kusema kweli, mko salama kuliko mimi ninayeibandika sikioni. Nani kati yenu anaweka simu sikioni?"

Hilo sikuwa nimeliwaza. Kwa siku zote hizo, mimi Apua ninayejifanya najua, sikuwa nimeliwaza.

Kisha akafungua kitabu cha zamani. Alisoma kimya, kidole kikishuka mstari kwa mstari. "Ulifika ukiwa na homa ya nyuzi arobaini. Siku ya nne ya ugonjwa. Damu ilionyesha malaria kali. Kwa haya yaliyoandikwa hapa, mama, malaria ndiyo iliyomchukua mtoto, na nusura ikuchukue na wewe. Hapa pote sioni simu. Wewe hukumuua mtoto wako."

Lokiru akanigusa bega. "Amesema nini?"

Daktari alikuwa anangoja. Hakukuwa na mtu mwingine chumbani wa kutafsiri. Ilibidi niyaseme mimi, kwa mikono yangu hii hii, maneno ambayo sikuwa nimejiruhusu kuyawaza. "Amesema, malaria." Mikono ikakwama. "Amesema, mimi." Ikakwama tena. Lokiru hakunisaidia, alinitazama tu. "Amesema mimi sikumuua."

Akaitikia kwa kichwa. "Hata mimi sikuwahi kusema hivyo," alisema. "Uliyesema ni wewe."

Aliondoka siku iliyofuata alfajiri, kwa sababu msimamizi alimpa siku mbili na si tatu. Niliichaji ile simu ya bluu juu ya meza, waziwazi, Mama Emuria akiangalia. Nilimwambia asante kwa kunihurumia, na kwamba nimetoka kwa daktari, na kama anataka kujua mionzi ni nini aende akamwulize, asiniletee tena habari za kanisani kwenye baraza langu. Akasema sawa, hakuna haja ya kupandisha sauti. Jioni aliniletea samaki wawili.

Saa moja kamili simu ikawaka. Nilikuwa nimeiegemeza kwenye kiti kando ya mlango, mimi mwenyewe niko kitandani, hatua mbili kamili, nilizipima kwa miguu. Lokiru alikuwa kwenye benchi la karakana, maranda ya mbao kichwani.

"Mbona uko mbali?"

"Kwa amani ya moyo."

"Nakuona mzima," alisema. "Kichwa hadi miguu. Ni bora hivi." Kisha akauliza swali lake. "Anacheza?"

Nilikuwa nainua mikono nimjibu kama kila siku, mtoto akanipiga teke la mbavuni, teke la mtu mwenye hasira zake. Nikaiacha mikono ikashuka. Nikavuta gauni juu, nikaligeuza tumbo lielekee kwenye kiti, taa ikimulika.

Tulingoja. Lokiru alisogea hadi uso wake ukakijaza kioo. Ngozi ya tumbo ikatulia, ikatulia, halafu upande wa kushoto kikainuka kitu kama kifundo cha mguu, kikatembea polepole kutoka hapa hadi hapa, kikazama.

Mikono yake ilikuwa imeganda hewani, na machozi yalikuwa yanamtiririka bila yeye kuyafuta. Nikamuuliza kama ameona, naye hata hakunitazama. Alirudi nyuma kwenye benchi, akajipangusa maranda kifuani, akajiweka sawa mbele ya kamera kama mtu anayeingia ugenini. Kisha akaanza kuongea kwa mikono, taratibu, ishara kubwa na safi, na hakuwa akiongea na mimi. Alimwambia mtoto wetu baba yake ni nani. Alimwambia anafanya kazi gani, na anarudi lini.

Nikalishikilia gauni juu mpaka alipomaliza.